KISIGINO CHA ASUBUHI NA MWENYE KISUKARI

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, katika saa ya mwisho ya semina ya utunzaji wa hesabu, kabla ya kufunguliwa msimu wa ununuzi wa pamba.



Kwa muda wa siku mbili tumezungumza habari za vitabu, stakabadhi na mizani. Ndugu Mwenyekiti ameniruhusu niitumie saa hii ya mwisho kuzungumza jambo ambalo halimo katika ratiba ya ukaguzi, lakini ambalo nimelikuta katika maghala mengi niliyoyakagua. Jambo lenyewe ni maumivu ya kisigino yanayompata mtu alfajiri anapoutia mguu chini, na hasa pale maumivu hayo yanapomwangukia mtu ambaye tayari anaishi na ugonjwa wa kisukari.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya sekondari, pamoja na mafunzo ya ukaguzi wa hesabu. Nimethubutu kusimama hapa kwa sababu nimeishi na kisukari kwa miaka minane, na katika miaka miwili ya hiyo kisigino changu cha kushoto kilinilaki kwa maumivu kila nilipoamka. Maelezo niliyopewa na waganga na wauguzi wa kliniki niliyaandika katika daftari, moja baada ya jingine, kama niandikavyo dosari na maelekezo katika taarifa ya ukaguzi. Leo nawasomea daftari hilo, kwa kuwa najua kwamba wengi wetu hapa tumepita umri wa miaka arobaini, tunasimama juu ya sakafu za saruji kutwa nzima wakati wa msimu, na baadhi yetu tuna kisukari, wengine bila ya kujijua.

MAUMIVU HAYA NI NINI?

Chini ya unyayo wa kila mguu kuna utando mpana na mgumu, mfano wa mkanda, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda mbele hadi penye mizizi ya vidole. Kazi yake ni kuushika uvungu wa unyayo usibonyee tunaposimama na kutembea. Mkanda huo ukitumikishwa kupita kiasi, mahali unaposhikana na mfupa wa kisigino huchakaa na kuuma.

Usiku tunapolala, miguu yetu huelekeza vidole chini, na mkanda ule hulegea na kujikunja. Asubuhi tunapoinuka na kuukanyagia mguu uzito wote wa mwili, mkanda uliojikunja huvutwa kwa ghafula. Ndiyo maana hatua ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, mtu akahisi kama amekanyaga msumari. Baada ya hatua kadhaa mkanda hunyooka na maumivu hupungua. Hurudi tena mtu akiwa ameketi kitako kwa muda mrefu kisha akainuka, au jioni baada ya kusimama sana.

Maumivu haya huwapata zaidi watu wa umri kati ya miaka 40 na 60, wenye kazi za kusimama juu ya sakafu ngumu, walioongezeka uzito, wenye vigimbi vilivyokaza, na wavaao viatu vyenye soli nyembamba. Huwapata pia wale walioongeza ghafula mwendo wao wa kila siku. Mtu akipigwa picha ya eksirei, mara nyingine huonekana kijipembe cha mfupa kimeota chini ya kisigino. Wengi huogopa wanapoambiwa hivyo, lakini wapo watu wengi wenye kijipembe hicho ambao hawaumwi kabisa. Kwa hiyo kijipembe si hukumu, na si sababu ya kukimbilia kupasuliwa. Walio wengi wenye maumivu haya hupona bila ya kupasuliwa, ingawa kupona kwenyewe huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka.

KISUKARI KINAINGIAJE HAPA?

Kisukari ni ugonjwa wa homoni. Kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo, hutengeneza homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia katika viungo vya mwili iwe nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukikataa kuisikiliza, sukari hubaki katika damu. Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini katika mji wa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo inayoadhimishwa ulimwenguni kuwa Siku ya Kisukari. Tangu wakati huo kisukari kimekuwa ugonjwa wa kuishi nao, ilimradi mtu akubali kuusimamia kila siku ya maisha yake.

Sukari iliyozidi katika damu huudhuru mguu kwa njia tatu. Kwanza, hujibandika kwenye nyuzi za mikanda na kano za mwili, zikawa nene na kavu, zisinyumbulike kama zamani. Pili, huiharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu zaidi inayokwenda hadi vidoleni, mguu ukaanza kuchoma, kisha ukafa ganzi. Tatu, huiziba mishipa ya damu, hata jeraha dogo likakosa damu ya kuliponya.

Kwa hiyo mwenye kisukari mwenye kisigino kinachouma ana mambo mawili katika mguu mmoja. La kwanza humpigia kelele kila asubuhi. La pili huweza kukaa kimya kwa miaka. Na katika uzoefu wetu wa ukaguzi sote tunajua ni lipi kati ya hayo linalotakiwa kuogopwa zaidi. Chama ambacho wanachama wake wanalalamika kila mkutano huenda kina kasoro ndogo tu, nao wanaiona. Chama kisicho na malalamiko hata moja, mkaguzi hukifungulia vitabu kwa uangalifu mkubwa zaidi.

MGUU USIOLALAMIKA

Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, alikuwapo mtunza ghala mwenye kisukari. Kisigino chake kilimwuma miezi mingi. Jirani alimshauri aukande mguu kwa maji ya moto kila usiku, naye akafanya hivyo, kwa kuwa jirani huyo mwenyewe alikuwa amepona kwa njia hiyo. Baada ya muda mtunza ghala akawaambia wenzake kwamba sasa anapata nafuu, maana maji yanayowashinda watoto kuyagusa yeye anaweza kuyatumbukiza mguu bila ya kusikia lolote.

Ndugu zangu, hiyo haikuwa nafuu. Ulikuwa ni ushahidi kwamba mguu umekufa ganzi. Usiku mmoja mkewe, alipokuwa akitandika kitanda, aliona damu na maji katika shuka. Ngozi ya unyayo ilikuwa imeungua na kutoka malengelenge, na mwenyewe hana habari. Hilo nalo lingetibika kama angekwenda hospitali siku ile. Lakini ulikuwa msimu wa ununuzi, malori yalikuwa yakisubiriwa, na chama hakikuwa na mtu wa pili aliyejua kushika funguo na daftari la ghala. Akafunga kitambaa, akavaa kandambili, akaendelea na kazi kwa wiki tatu. Msimu ulipofungwa alikwenda hospitali, na huko alikatwa vidole vitatu na sehemu ya unyayo.

Simlaumu jirani. Alitoa ushauri uliomfaa yeye. Nataka tuelewe kwamba ushauri unaomfaa mtu asiye na kisukari huweza kumwangamiza mwenye kisukari, ijapokuwa visigino vyao vinauma namna moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyatofautisha maumivu. Yale ya mkanda wa unyayo hukaa mahali pamoja, chini ya kisigino, upande wa ndani zaidi. Huwa makali katika hatua za kwanza, na ukibonyeza hapo kwa kidole gumba unapajua. Yale ya mishipa ya fahamu kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huanzia vidoleni, huja kama moto, sindano au sisimizi, na huzidi usiku mtu akiwa amelala. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Katika kliniki hupima kwa kugusisha uzi maalumu wa nailoni chini ya unyayo huku mgonjwa amefumba macho. Asiyeusikia uzi huo amepoteza ulinzi wa mguu wake. Kila mwenye kisukari anastahili kupimwa hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Asipopimwa, na aombe. Aidha, wanaotumia metformin kwa miaka mingi wafahamu kwamba dawa hiyo huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Si sababu ya kuiacha dawa, bali ni sababu ya kumwuliza mganga.

DAWA ZINAZOHITAJI HADHARI

Nimepanga chini ya kichwa hiki mambo ambayo watu hushauriana sana, nami nitaeleza hadhari ya kila moja kwa mwenye kisukari.

Maji ya moto na barafu. Asiyesikia vizuri miguuni asivitumie. Maji ya kuoshea miguu yawe ya uvuguvugu tu, nayo yapimwe kwa kiwiko cha mkono au na mtu mwingine wa nyumbani, wala miguu isirowekwe kwa muda mrefu, maana ngozi hulainika na kupasuka. Hali kadhalika chupa ya maji yaliyogandishwa, ambayo wengi huviringisha chini ya unyayo, huweza kuunguza ngozi kwa baridi bila ya mwenyewe kujua.

Vidonge vya maumivu. Ibuprofen na diclofenac huuzwa kila duka la dawa na watu huvimeza kama karanga. Dawa hizi huweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, na figo za mwenye kisukari tayari zimo hatarini. Asizitumie bila ya idhini ya mganga anayemjua. Paracetamol, kwa kiasi kilichoandikwa, kwa kawaida ina hatari ndogo zaidi.

Sindano ya kisigino. Sindano za jamii ya steroidi hutuliza maumivu kwa muda, lakini hupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa, na zikirudiwa huweza kudhoofisha mkanda wenyewe na mto wa mafuta ulio chini ya kisigino. Mganga akiipendekeza, mwambie kwanza kwamba una kisukari, na upime sukari mara nyingi zaidi katika siku zinazofuata.

Dawa za kuchua zenye pilipili, plasta za kuondoa sugu, na wembe wa kukwangua unyayo. Vyote hivi tuviache. Kidonda kilichoanzishwa na wembe wa nyumbani ni kidonda kama kingine chochote.

KABLA YA HATUA YA KWANZA

Sasa niseme lililonisaidia, nalo halikunigharimu hata shilingi moja. Mkanda wa unyayo hunyooshwa kabla ya kukanyaga, si baada yake.

Uamkapo, usiinuke. Keti ukingoni mwa kitanda, uupandishe mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili. Shika vidole vya mguu kwa mkono, uvivute kuelekea mbele ya mguu mpaka uusikie uvungu wa unyayo umekaza kama kamba. Hesabu hadi kumi, uachie. Rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya kwanza iwe kabla ya hatua ya kwanza. Asiyefikia vidole kwa sababu ya tumbo au mgongo atumie kanga au taulo: alipitishe nyuma ya vidole na kulivuta kwa mikono miwili.

Zoezi la pili ni la vigimbi. Simama ukielekea ukuta, weka mikono ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti lake limenyooka na kisigino kimegusa chini. Inamia ukuta hadi kigimbi kikaze, ukae hivyo kwa muda wa nusu dakika, mara tatu kwa kila mguu. Mwenye kidonda mguuni asifanye mazoezi haya kabla ya kuonana na mganga.

Usitarajie nafuu baada ya siku tatu. Mimi niliona tofauti baada ya majuma sita, na maumivu kuisha kabisa yalichukua miezi tisa. Haba na haba hujaza kibaba. Anayefanya kwa juma moja akaacha ni sawa na katibu anayeandika daftari la fedha mwezi mmoja akaacha miwili.

Kando ya kitanda viwekwe viatu, visikose. Mwenye kisukari asitembee peku hata ndani ya nyumba, wala hata kwa ile hatua ya kwenda mlangoni. Kabla ya kuvaa, avikung'ute na kuingiza mkono ndani kutafuta kijiwe, msumari au mdudu. Mkono una macho ambayo unyayo wenye ganzi hauna.

VIATU NA MIZANI

Kandambili ni za bafuni. Katambuga ni imara, zinadumu na hazipitishi miiba kwa urahisi, lakini soli yake haina mto wa kupokea kishindo cha kisigino. Kiatu kinachofaa ni kile kilichofunika mguu, chenye nyuma ngumu inayoshika kisigino, soli nene yenye kunyumbulika mbele tu, na kisigino kilichoinuka kidogo. Viatu vya raba vya mtumba vyenye sifa hizo hupatikana minadani kwa bei ambayo wengi tunaimudu. Vinunuliwe alasiri, wakati miguu imevimba kidogo, na wala visibane vidole. Soksi ziwe kavu, zisizo na mpira wenye kukaza.

Kuhusu kazi yetu wenyewe, karani wa mizani husimama tangu saa moja asubuhi hadi jua kuzama. Si lazima asimame juu ya saruji tupu. Magunia matupu yaliyokunjwa mara nne, au kipande cha zulia kuukuu, hupunguza kishindo. Pawepo kigoda karibu na mizani, ili karani aketi wakati mkulima anapofungua mzigo. Na asiketi moja kwa moja pia. Kila aendapo kuinuka avute vidole vyake kwanza, kwa maana kisigino huhesabu kila kikao kirefu kuwa ni usiku mpya.

KUTEMBEA AU KUTOTEMBEA?

Hapa ndipo mwenye maradhi mawili huona njia panda. Kliniki ya kisukari humwambia atembee, na kisigino humwambia aketi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 au zaidi za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa mwenye kisukari mazoezi ni sehemu ya dawa. Akiketi miezi tisa kukingojea kisigino kipone, sukari itapanda, uzito utaongezeka, na uzito huo utarudi kukikandamiza kisigino kile kile.

Jibu tunalo majumbani mwetu, nalo ni baiskeli. Baiskeli huutumikisha mwili bila ya kukigonga kisigino chini. Mimi niliacha matembezi ya jioni kwa miezi minne, nikaendesha baiskeli nusu saa kila siku, juu ya kiatu chenye soli imara. Asiye na baiskeli aweza kufanya mazoezi ya mikono na kiwiliwili akiwa ameketi, au kuzigawa safari zake za miguu ziwe fupi fupi badala ya moja ndefu. Kisigino kinapopata nafuu, matembezi hurudishwa kidogo kidogo.

Wanaotumia insulini au glibenclamide wakumbuke kubeba sukari mfukoni wakati wa mazoezi. Jasho la ghafula, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji huirudisha haraka, kisha mtu ale chakula.

Juu ya chakula sitasema mengi. Ugali na viazi ni vyakula vyetu na hatuviachi. Kinachotakiwa ni kipimo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo yake maharage, samaki au nyama, na robo inayobaki ndiyo ya ugali. Soda na chai ya sukari nyingi zinazogawiwa mikutanoni tuzitazame kama tunavyotazama matumizi yasiyo na hati ya malipo.

UKAGUZI WA KILA JIONI

Ndugu Makatibu, kila jioni tunahesabu fedha taslimu zilizomo sandukuni na kuzilinganisha na daftari. Hatungojei mkaguzi wa nje aje mara moja kwa mwaka kutuambia kwamba fedha hazipo. Mwenye kisukari afanye vivyo hivyo kwa miguu yake.

Aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, aikaushe hasa katikati ya vidole. Atazame juu, chini, nyuma ya kisigino na kati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa sakafuni, au amwite mwenzi wake au mtoto mwenye macho mazuri. Atafute mpasuko, lengelenge, wekundu, sugu, uvimbe, na mahali palipo na joto kuliko penginepo. Apake mafuta penye ukavu, hasa visiginoni panapopasuka, lakini si kati ya vidole. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe.

Yafuatayo yakionekana, mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, msimu uwepo au usiwepo: kidonda chochote mguuni hata kama hakiumi, mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wenye joto, hata kama maumivu ni kidogo, sehemu iliyogeuka kuwa nyeusi au ya buluu, usaha au harufu mbaya, homa pamoja na jeraha la mguu. Hali kadhalika, kisigino kilichovimba na kuuma usiku kucha hata mtu akiwa amelala, au kilichoanza kuuma baada ya kuanguka au kuruka, si kile tulichokizungumza hapa. Kipimwe.

Na yule ambaye hajui kama ana kisukari au hana, lakini ana kiu isiyokwisha, anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, au vidonda vyake vinachelewa kupona, apimwe sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 katika vipimo vya milimoli kwa lita, na kikirudiwa kikawa hivyo, huyo ana kisukari. Mficha maradhi kifo humuumbua.

MAOMBI MATATU KWA VYAMA

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu, nayo yanahusu vyama, si mtu mmoja mmoja.

La kwanza: kila chama kiwe na mtu wa pili aliyefundishwa kushika ghala na mizani, na jina lake liandikwe katika muhtasari wa Bodi kabla ya msimu kufunguliwa. Sisi wakaguzi tumelidai jambo hili siku nyingi kwa ajili ya usalama wa mali. Leo nalidai kwa ajili ya usalama wa mtu. Mtunza ghala niliyemtaja hakukatwa mguu na kisukari peke yake. Alikatwa pia na funguo ambazo hakuwa na wa kumwachia.

La pili: mikutano yetu iwe na saa ya chakula inayoheshimiwa. Mkutano ulioitishwa saa tatu asubuhi ukaendelea hadi saa kumi jioni bila ya mapumziko ni hatari kwa mwanachama aliyedunga insulini alfajiri. Mwanachama huyo asione haya kuinuka na kula, wala mwenyekiti asimwone kuwa amedharau kikao.

La tatu: pale ambapo wanachama wanakusanyika kwa wingi, kama vile siku ya mkutano mkuu wa mwaka, katibu awaandikie barua waganga wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu waje kupima sukari na kutazama miguu. Gharama ya barua ni ndogo. Chama kilichoweza kukusanya pamba ya wakulima mia tatu chini ya paa moja hakitashindwa kukusanya miguu yao.

Watu wengi hapa wanafahamu kwamba katika taarifa zangu za ukaguzi hupenda kuandika mwishoni neno moja tu: "Yatekelezwe." Sina mamlaka ya kuandika hivyo juu ya miili yenu. Lakini kesho alfajiri, kabla hamjakanyaga chini, kila mwenye kisigino kinachomwuma na ashike vidole vyake ahesabu hadi kumi. Na kila mwenye kisukari, aumwe asiumwe, na atazame nyayo zake jioni.